Kuku Arobaini wa Siku Moja

Kuna mambo mtu akishayafanya anahama mtaa, na mimi ningehama kama ningekuwa na pa kuhamia. Nyalenda nzima ilijua. Mpaka leo, na miaka imepita mingi, nikipita karibu na bomba la maji jioni, wakati kuku wa watu wanaanza kuingia ndani, lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Sekretari, wako wamefika?" na wenzake wanacheka mpaka ndoo zinamwagika. Nami nacheka nao, maana nikinuna watajua bado inauma. Inauma. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kwa Mama Pamela ataongeza chumvi (na yeye ndiye aliyechinja, lakini tutafika huko).

Ilikuwa katika ile miaka ya tisini ambayo magugu yaliziba ziwa, ukisimama bandarini Kisumu unadhani unaangalia shamba la mtu. Mitumbwi haitoki, omena, dagaa wetu, hakuna, na sisi kina mama tuliokuwa tukiuza omena sokoni Kibuye tukabaki kukunja magunia na kuyakunjua. Tulikuwa kumi na wawili katika kikundi chetu. Mwenyekiti alikuwa Risper, mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini, mtu asiyejua kusema uongo hata ule mdogo wa kumnyamazisha mtoto. Mimi nilikuwa sekretari kwa sababu nilifika kidato cha pili na mwandiko wangu ulikuwa unapendeza, na pia, niseme ukweli, kwa sababu Risper alinitetea wenzake waliposema Mama Beril, yaani mimi, ana maneno mengi.

Tukapata msaada. Ofisi moja mjini ilikuwa inatafuta vikundi kwa niaba ya kanisa la Marekani, kanisa la watu weusi wa huko, na barua ilisema msaada huo ni wa kuinua nyumba za watu weusi popote walipo ili zisimame zenyewe. Nilipowasomea, Risper aliuliza, "Sasa hapa Nyalenda watamruka nani?" tukacheka sana siku hiyo. Walitupa vifaranga arobaini, wote rangi ya kahawia, na wavu, na dawa ya chanjo, na fomu. Makubaliano yalikuwa kwamba baada ya miezi sita watakuja kuona, na wakiridhika, kila nyumba kati ya zile kumi na mbili itapewa kuku wake ishirini wa mayai, na banda la mabati, na chakula mpaka waanze kutaga. Risper aliacha meza yake ya Kibuye, meza aliyoipigania miaka saba, akampa mwanamke mwingine, ili akae nyumbani na vifaranga. Banda lilijengwa uani kwake. Kwa hivyo mambo yakiharibika, wa kwanza kuumia ni yeye, na hilo nililijua tangu mwanzo.

Dawa ya chanjo ilikuwa juu yangu. Ilitakiwa ikae baridini, kwa hivyo niliiweka kwa friji ya duka moja la soda, na siku ya Ijumaa niitie katika maji ya kunywa ya vifaranga, basi, kazi yenyewe haikuwa kazi. Alhamisi ikaja habari kutoka Pap Onditi kwamba mke wa mjomba wangu amefariki. Nikaenda matanga ya siku mbili nikakaa sita (mnajua matanga ya kwetu Nyakach, ukionekana unafunga nguo zako mapema watu wanaanza kuuliza marehemu alikukosea nini). Niliporudi, stima ilikuwa imepotea siku tatu, friji ya duka imegeuka kabati, na dawa ilikuwa na joto kama uji. Niliimwaga kwenye nyasi. Halafu Risper akaniuliza njiani, hata hakusimama, "Ile dawa ulitia?"

"Nilitia kabla nisafiri. Alfajiri, ukiwa umeenda kuteka maji."

Huo ndio uongo mdogo ulioanza yote. Sikupanga. Niliona aibu ya kusema niliisahau kazi ya kina mama kumi na mmoja kwa ajili ya wali wa matanga, na mdomo ukanitangulia. Nilijiambia kuku wa Nyalenda hawajawahi kuchanjwa na bado wapo.

Mvua zikaja, na kideri kikaja nazo. Asubuhi unakuta wanne wamekunja shingo, jioni sita. Katika siku tisa walikufa wote isipokuwa watatu. Risper alikuwa akichimba mashimo nyuma ya banda peke yake, na siku ya mwisho nilimkuta amesimama juu ya shimo na jembe mkononi, analia bila sauti. Kina mama wakasema dawa ya wafadhili ilikuwa mbovu. Mimi nikasema, eh, huenda. Nikaongeza kwamba hata mimi niliiona ina rangi ya ajabu.

Barua ya wageni ilipokuja, wanakuja Jumatano, zilibaki siku tano. Tukakaa kikao.

"Tuwaambie tu zimekufa," Risper alisema. "Kuku inakufa. Hata wao wanajua."

Mngekuwa mimi mngefanya nini? Wakiambiwa wamekufa, watauliza walichanjwa lini, na nani, na kifuniko cha chupa kiko wapi. Nikasimama, nikawahutubia wale kina mama kama mtu anayegombea kiti cha ubunge. Nikawaambia wafadhili hawapendi habari za vifo, wataenda kwa kikundi kingine, na kila mama hapa apige hesabu ya mayai ya kuku ishirini halafu aamue. Nikasema mtaa umejaa kuku. Tuwaazime kwa siku moja tu. Wageni wanakuja saa nne, saa sita wameondoka, saa saba kila kuku yuko kwao.

Risper aliniita kwa jina langu. "Adhiambo, uko sure?"

"Niko sure, mwenyekiti."

Jioni ile nikaijaza ile fomu kwa mwandiko wangu mzuri. Palipoandikwa vifo, nikaandika: hakuna. Asubuhi yake nikaipeleka mjini kwa mkono wangu.

Jumatano alfajiri tukazunguka nyumba kwa nyumba kuchukua kuku kabla hawajashuka. Kila mwenye kuku alimfunga wake kitambaa mguuni, asije akapewa wa jirani: huyu kipande cha gunia, huyu utepe mwekundu, huyu kanga, huyu kamba ya kiatu. Tulipata thelathini na sita, na wale watatu wetu wakawa thelathini na tisa. Nilitaka arobaini. Kwa nini nilitaka arobaini, mpaka leo sijui, nadhani uongo nao unapenda kuwa na hesabu kamili. Nikagonga kwa Dani Sabina, nyanya wa mtaa mzima, anayeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwa Risper. Alikuwa na kuku mmoja tu, mweusi, mkubwa, mwenye vifaranga saba wa wiki tatu.

"Hii yangu iko na watoto, nyathina, mwanangu," aliniambia. "Itarudi saa ngapi?"

"Mchana tu, Dani. Ikichelewa sana, jioni."

"Jioni kabisa iwe hapa. Hizi bado hazijui kulala peke yao."

Nikamwapia. Alichana ncha ya leso yake ya njano, akamfunga kuku mguuni taratibu kama anayemvisha mtoto kiatu, akanipa.

Saa nne ikafika. Saa tano. Kuku arobaini wamebanana bandani, hawajazoeana, wanadonoana vichwa, na majogoo wa watu wametoana damu. Wazee wa mtaa walikuwa wamesikia kuna wageni wakaja kuketi, na Mama Pamela, mpishi wetu, alikuwa ameandaa jogoo wawili tuliowanunua Kibuye, na mnajua kwetu huwezi kumwacha mzee anuse kuku kisha umwambie si yako. Kufikia saa nane jogoo wote wawili walikuwa wameisha, mzee mmoja anachokoa meno, na wageni hawajatokea. Ndipo akaja mtu wa baiskeli akasema gari lao limekwama kwenye tope kule Nyamasaria, linavutwa. Nilikimbia barabarani kuwangoja. Nilisimama huko zaidi ya saa mbili, jua la Kisumu linanipiga utosini, nikihesabu dakika, kwa sababu sasa niliogopa kitu kingine: hawa kuku wana makwao.

Gari lilifika saa kumi na moja kasoro. Wakashuka wanawake wawili. Mmoja alikuwa Bi. Khavere wa ile ofisi, Mmaragoli, mtu wa macho makali na daftari dogo, ndiye mwenye kutafsiri. Wa pili alikuwa mgeni mwenyewe wa Marekani, Mama Dorothy, mweusi kuliko mimi, mnene, ana mvi, viatu vyake vimejaa tope na hajali. Wazee waliokuwa wameketi wakainuka kumtafuta mzungu nyuma ya gari. "Amebaki wapi?" mmoja aliniuliza, na nikamkanyaga mguu.

Maombi. Nyimbo. Hotuba ya mzee wa jogoo. Kila mmoja alijivuta, na mimi naangalia jua. Halafu Mama Dorothy akasimama, akaongea polepole, na Bi. Khavere akatafsiri. Alisema mama yake alifua nguo za watu maisha yake yote na hakuwahi kumiliki hata mlango wa nyumba aliyolala. Alisema pesa hizi hazikutoka kwa tajiri, zimetoka kwa kina mama kama sisi, wanaokaanga kuku nyuma ya kanisa kila Jumapili na kuuza sahani moja moja, miguu imevimba. "Anasema," Bi. Khavere akamalizia, "waliposoma barua yenu waliona ni kama wameandikiwa na dada zao."

Barua ile ya kuomba msaada niliiandika mimi. Nilimwangalia Risper, na Risper alikuwa akiangalia chini, vidole vyake vinafinyana, na nikajua akiulizwa swali moja tu la moja kwa moja, tumekwisha. Kwa hivyo nikaruka mbele, nikasema karibuni banda, mimi ndiye sekretari, maswali yote mniulize mimi.

Bi. Khavere aliinama kwenye wavu. "Vifaranga tuliwapa walikuwa wa kahawia wote," alisema.

"Jua la huku, madam," nikamjibu. "Linabadilisha manyoya."

"Linabadilisha mpaka huyu akose manyoya shingoni?"

"Huyo ndiye alikaa sana juani."

Mmoja wa kina mama akakohoa kicheko. Bi. Khavere akaandika kitu. "Na vitambaa?"

"Ni chanjo." Mdomo wangu ulikuwa sasa unaendesha gari peke yake. "Nyekundu ni chanjo ya kwanza, gunia ni ya pili."

"Na kamba ya kiatu?"

"Hiyo ni... wale waliorudia."

Mama Dorothy hakuelewa kitu, alikuwa anatabasamu na kamera yake shingoni. Akaomba kuku watolewe awapige picha. Nikasema wana aibu na wageni. Bi. Khavere akasema wafunguliwe tu, kuku mgonjwa hujulikana akitembea, na Risper akanyoosha mkono akafungua mlango. Sijui kama alitaka yaishe. Sijawahi kumuuliza.

Walitoka kwa fujo, wakatawanyika uani, wakaanza kuparua, na kwa kama dakika kumi walipendeza kweli, kuku wa kila rangi, na kamera inalia kwa-kwa-kwa. Nikaanza kupumua. Mama Pamela akaita chakula. Tukakaa kwenye meza palepale uani, ua wa Risper umezungushwa miti ya ojuok yenye mapengo ambayo hata mbwa anapita, na Mama Dorothy akawekewa sahani ya ugali na kuku, firigisi juu kabisa, heshima ya mgeni. Hapo ndipo nilipomvuta Mama Pamela pembeni.

"Si jogoo ziliisha?"

"Ziliisha. Nikachukua moja hapo ndani. Ile nyeusi."

"Nyeusi ipi?"

"Si ile ilikuwa inalia lia mchana kutwa! Ingetuharibia wageni na makelele."

Alikuwa analia kwa sababu anawaita watoto wake. Nikaketi kwenye kiti, mkabala na Mama Dorothy, na paja la kuku wa Dani Sabina likawa kati yetu.

Saa kumi na mbili na kitu, kuku wa kwanza akaondoka. Yule mwenye utepe mwekundu. Aliinua kichwa, akaangalia jua, akatembea moja kwa moja, bila haraka, kama mfanyakazi aliyetoka zamu, akapita kwenye pengo la ua, akaenda. Akafuata wa gunia. Kisha wawili pamoja, kisha yule asiye na manyoya shingoni, wengine pengo la kushoto, wengine la kulia, kila mmoja anajua njia yake.

"Wanaenda wapi?" Bi. Khavere aliuliza.

"Maji," nikasema. "Wanaenda kunywa maji kidogo."

"Maji si hayo hapo?"

"Wanapenda ya bomba."

Kina mama wote walikuwa wameacha kula. Nikainuka nikaanza kuwarudisha, nikitandaza sketi yangu, shiii, shiii, nakimbia pengo hili wanatoka lile, nikaanguka kifudifudi mbele ya wageni na kiatu kimoja kikaruka mpaka kwenye sufuria ya sukuma wiki. Nilipoinua uso, kuku mwenye kamba ya kiatu alinipita karibu kabisa na pua, hakunitazama. Bi. Khavere hakuwa anacheka. Alikuwa amefunga daftari na anawaangalia wale kuku wakienda, na ninadhani alikua katika nyumba yenye kuku kama mimi na nyinyi, alishajua tangu shingo tupu.

Na kwenye pengo lile lile walilotokea kuku, akaingia Dani Sabina na fimbo yake.

"Nyathina," aliniita, mimi nikiwa bado chini. "Kuku ya watu imerudi yote. Gwenna en kanye? Yangu iko wapi? Watoto yake wanalia."

Macho yake yalizunguka ua, yakapita mezani, yakaendelea mpaka kwenye mlango wa jikoni, mahali Mama Pamela alipokuwa amerundika manyoya. Meusi. Juu yake kulikuwa na kile kitambaa cha njano. Dani aliinama akakiokota, akakikung'uta, akakifunga tena kwenye ncha ya leso yake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Mama Dorothy akauliza kitu kwa Kiingereza, na Bi. Khavere akamwambia angoje. Halafu akamgeukia Risper. "Mwenyekiti. Wenu ni wangapi?"

"Watatu," Risper alisema. Wale watatu wa kahawia walikuwa wamesharudi bandani, wamekaa juu ya mti wao wa kulalia. "Wengine walikufa na kideri. Tuliogopa kuwaambia."

"Mlichanja?"

"Tulichanja. Sekretari alichanja kabla asafiri." Bi. Khavere alinitazama, na Risper akaona ule mtazamo, akainua sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Madam, hii ya kuazima ni makosa yetu sisi wote. Lakini hiyo ya dawa usimshuku. Mimi nilimuuliza, akaniambia. Hawezi kunidanganya mimi."

Nimewahi kuzika, nimewahi kufukuzwa nyumba, lakini hakuna dakika iliyonikaba kama ile. Ningeweza kunyamaza. Dawa haikuwa na shahidi, chupa niliitupa. Nilikuwa nimekaa kwenye vumbi na mguu mmoja hauna kiatu, na mwanamke aliyeacha meza yake ya Kibuye alikuwa ananitetea mbele ya watu.

"Sikuchanja," nikasema. "Nilikuwa matanga. Dawa iliharibika nikaimwaga. Risper hakujua. Hakuna aliyejua."

Bi. Khavere alimtafsiria Mama Dorothy kwa sentensi chache tu, nikashangaa aibu kubwa namna ile inatosha katika maneno machache. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa fomu yangu, akaiweka mezani.

"Hapa kwa vifo," alisema, "tuliweka ili tujue ni kina nani wa kurudishiwa kuku. Vikundi vyote tumepita wiki hii vimepoteza kuku, mvua ilikuwa mbaya. Tumekuja na dawa kwa gari. Ni nyinyi peke yenu mliandika hakuna."

Kina mama waligeuka wote wakaniangalia. Mama Dorothy aliisukuma sahani, akanawa mikono, akamwendea Dani Sabina, akamshika mikono yote miwili, na Bi. Khavere akatafsiri kwamba mgeni anaomba msamaha kwa kula kuku wake. Yeye! Yeye ndiye aliyeomba msamaha, na mimi mwenye kosa niko chini natafuta kiatu. Wakaenda naye mpaka nyumbani kwake kuwaona wale vifaranga.

Waliporudi ilikuwa karibu giza. Mama Dorothy akapanga kina mama mbele ya banda, na wale kuku watatu wakashikwa mbele na Risper, akapiga picha. Mimi nipo pembeni kabisa. Picha ilikuja kwa posta baada ya miezi miwili na ukiitazama utaona mtu mmoja anaangalia chini kama aliyedondosha sindano. Pamoja na picha ikaja barua. Msaada wa pili umekubaliwa, kwa sababu ya wale watatu, iliandikwa hivyo. Mjane aliyezika thelathini na saba na bado akalinda watatu mpaka wakakua, walisema, ndiye waliyekuwa wanamtafuta. Watatu wangetosha. Tangu mwanzo watatu wangetosha.

Kikao kilinivua usekretari, na kuku wangu ishirini wakapewa Dani Sabina. Niliunyoosha mkono wangu nami kupiga kura hiyo. Risper hakunikaripia. Aliniamkia njiani, akauliza habari za Beril, akaenda zake, hivyo hivyo kwa mwaka mzima, na mimi ningetamani anipige kofi tuyamalize.

Halafu jioni moja akaja kwangu na kifurushi kimefunikwa leso. Akakifungua mlangoni. Tembe mdogo, wa kahawia.

"Huyu hana kitambaa," alisema. "Ni wako."

Nilimpokea yule kuku kwa mikono miwili. Risper akaangalia ua wangu, akaniuliza nitamlaza wapi, akanisaidia kuweka kreti ya soda nyuma ya mlango.

Sasa nina kuku wengi kiasi. Lakini mtu akinijia mchana, awe jirani, awe afisa, awe mfadhili na kamera yake, akaniuliza, Mama Beril, una kuku wangapi, huwa namwambia akae kwanza, anywe chai. Mimi ninahesabu jioni, wakishaingia.